Mtungi wa Mjomba

Muhula uliopita mhadhiri wetu wa somo la joto aliingia darasani na kofia iliyojaa vikaratasi. Kila mtu achomoe mada yake ya kuwasilisha, alama kumi na tano, hakuna kubadilishana. Jamaa aliyekaa kushoto kwangu alipata boila za viwanda vya sukari, akashangilia kama kafunga goli. Mimi nikafungua changu: "Kutunza na kuhamisha mafuta ya roketi yenye baridi kali, katika hali ya kukosa uzito."

Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Mwana wa Lushoto kapewa roketi! Kwenu si hata Coaster inapanda kwa dua?" Nikacheka nao. Lakini usiku ule bwenini, nilipofungua kitabu nilichoazima maktaba, kicheko kiliisha. Kwenye ukurasa wa kwanza wa sura kulikuwa na mchoro wa tangi: ukuta wa nje, ukuta wa ndani, katikati ombwe, juu shingo nyembamba. Tangi lile nilikuwa nalijua. Niliwahi kulibeba mgongoni. Na niliwahi kulifanyia jambo ambalo kwa miaka minane sikumwambia mtu.

Ngoja nianze na Mjomba.

Mjomba wangu ni mhimilishaji. Kazi yake ni kuwapandisha ng'ombe mimba kwa mrija badala ya dume. Anaishi upande wa Malindi, na hapa namaanisha Malindi yetu ya Lushoto, juu huko ukishapita msitu wa Magamba, si Malindi ya Kenya. Kwetu ng'ombe hachungwi. Milima imesimama mno na mashamba ni matuta juu ya matuta, kwa hiyo ng'ombe anakaa bandani, mmoja au wawili, na watu wanamkatia majani ya tembo na Guatemala kwenye kingo za matuta. Ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Friesian, ndiye ada, ndiye sabuni, ndiye daftari. Dume la mbegu nzuri hakuna anayeweza kulilisha. Ndiyo maana Mjomba ana kazi.

Mbegu huja ndani ya mirija myembamba kama ya kunywea soda, ila mifupi. Nyingi huanzia safari Usa River, Arusha, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji. Ili zibaki hai zinazamishwa kwenye naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri. Nyumbani kwa Mjomba kulikuwa na mtungi mkubwa wa akiba chumbani kwake, na mdogo wa kwendea kazini, ule aliokuwa akiufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Likizo, pikipiki ikiwa mbovu, mimi ndiye niliyekuwa pikipiki.

Mtungi huo kimsingi ni chupa ya chai. Mskoti mmoja, James Dewar, ndiye aliyeutengeneza wa kwanza mwaka 1892: chombo ndani ya chombo, katikati hewa imenyonywa, joto likose daraja la kuvukia. Lakini joto halikosi njia kabisa. Linapita shingoni, linapita kwenye kizibo, kidogo kidogo, usiku na mchana. Naitrojeni inachemka polepole bila moto, na lita moja ya maji yake ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700. Kwa hiyo kizibo hakibanwi. Kimekaa tu juu, kimelegea, gesi ipate kutoka. Ukikibana kwa nguvu, mtungi ni bomu.

Kila Jumatatu Mjomba alitumbukiza kijiti mtungini, akahesabu, akakitoa na kukipunga hewani. Umande wa barafu uling'ang'ania sehemu iliyozama. Alisoma ule mstari mweupe kama mtu anayesoma mafuta ya gari kwa ufito, halafu akaandika kwenye daftari. "Mjomba," alikuwa akiniambia, maana kwetu mjomba na mpwa wanaitana vilevile, "hiki kitu hakikuibii kwa kishindo. Kinakuibia kwa kimya."

Sasa kosa langu.

Nilikuwa kidato cha pili. Likizo ya Juni, na anayejua Juni ya Lushoto anajua: ukungu mpaka saa nne asubuhi, watoto wamevaa makoti ya wakubwa. Mjomba alikuwa kaenda Korogwe msibani kwa wiki nzima. Mimi nikaachiwa nyumba, ng'ombe, na onyo moja tu: mtungi mkubwa usiguswe.

Siku ya pili walikuja wenzangu watatu. Nikawaonyesha moshi. Ukiinua kile kizibo, mvuke mweupe unamwagika pembeni na kutambaa sakafuni kama kitu hai. Walishangaa kiasi kwamba kesho yake walikuja saba. Kesho kutwa nikaanza kutoza: matunda damu matatu kila kichwa. Na kwa kuwa moshi peke yake ulishaanza kuzoeleka, nikaongeza onyesho. Ndani ya mtungi kuna vikopo vyenye mikono mirefu, ndimo mirija inamokaa. Nilivaa glovu za bustani, nikakiinua kikopo kimoja mpaka nje kabisa, nikakishika juu ili wa nyuma waone. "Humu mna ng'ombe mia," niliwaambia. Wakapiga makofi. Nilikirudisha taratibu, nikafunika. Kesho yake tena, na tena. Hakuna kilichovunjika. Hakuna kilichomwagika. Mirija ilikuwa imeganda vilevile, rangi zake zilezile.

Mjomba aliporudi akatumbukiza kijiti, akaona mstari umeshuka kuliko alivyotarajia. Akanitazama. Nikasema sijui. Akasema labda mtungi umezeeka, ombwe lake limeanza kuvuja. Akaagiza naitrojeni ya kujazia, maisha yakaendelea.

Ng'ombe akipandishwa asishike mimba, anarudi kwenye joto baada ya siku kama 21. Kuanzia Julai wakaanza kurudi. Mmoja, wawili, watano. Mjomba aliwarudia bure, petroli ya kwake, na kila alipowarudia alichomoa mrija kutoka kikopo kilekile. Wakarudi tena. Kijijini maneno hayachelewi. Wakasema mkono wake umekuwa mzito. Wengine wakasema mengine ambayo siyaandiki. Jamaa mmoja wa chini akaleta dume lake, wateja wakahama.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, jirani wa bondeni, ng'ombe wake mmoja tu. Alipandishwa mara tatu. Mara ya tatu aliporudi kwenye joto, yule mama hakuja kulalamika. Alikuja kusalimia, akaaga, na mlangoni akasema, "Basi daktari, huenda huyu ni tasa." Baada ya wiki mbili alimuuza. Nilimwona ng'ombe yule akishushwa njia ya Soni kwa kamba. Ng'ombe anayeitwa tasa hanunuliwi kwa ajili ya maziwa.

Mjomba alifikia uamuzi kwamba mtungi ndio mbovu. Akauza mtamba wake, tegemeo lake la mwaka uliofuata, akanunua mtungi mwingine. Ule wa zamani, mzima kabisa, ukawa chombo cha kuwekea mahindi. Mirija mipya ikaja, mimba zikaanza kushika, watu wakarudi mmoja mmoja. Mimi nikarudi shule. Nilijua nimefanya kitu, ila sikujua ni kitu gani hasa, na kutojua huko kulinifaa sana. Nilijiambia: moshi tu ule, moshi unaua nini?

Miaka minane baadaye ndiyo nikakaa maktaba na mada ya kofia.

Wanaosafiri mbali angani wanapenda mafuta yenye nguvu kubwa kwa uzito mdogo. Mazuri kati ya hayo ni haidrojeni na oksijeni zilizogeuzwa kimiminika. Oksijeni inachemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Haidrojeni ni nyuzi 253 chini ya sifuri, yaani naitrojeni ya Mjomba kwake ni uji wa moto. Siku hizi metheni nayo inapendwa, ambayo inachemka karibu nyuzi 161 chini ya sifuri. Jua linapiga tangi upande mmoja, joto linapita kwenye mabomba na nguzo, na mafuta yanachemka polepole. Safari ya wiki moja unaweza kuvumilia hasara. Safari ya miezi, unafika na tangi tupu.

Hapa chini tuna bahati ambayo hatuijui. Maji yanakaa chini, mvuke unakaa juu. Kizibo cha Mjomba kinatoa mvuke kwa sababu mvuke ndio uko shingoni. Ondoa uzito, hakuna juu wala chini. Kimiminika kinajikusanya mabonge, kinajipaka ukutani, mapovu yanaelea katikati. Ukifungua tundu la kupunguza presha hujui kitakachotoka ni gesi au mafuta yenyewe. Ukitaka kunyonya mafuta uyapeleke kwenye injini, unaweza kunyonya povu. Na kijiti cha Jumatatu? Hakuna. Mstari wa kusoma haupo. Hata kujua umebakiwa na kiasi gani ni kazi ya kitaalamu.

Wamarekani waliona afadhali waangalie kwa macho. Tarehe 5 Julai 1966 walirusha chombo kiitwacho AS-203, na ndani ya tangi la haidrojeni wakaweka kamera ya televisheni ili waone kimiminika kinafanyaje kikikosa uzito. Mbinu ya kwanza waliyoitegemea ni rahisi: sukuma chombo mbele kidogo, mafuta yatabaki nyuma. Kila aliyepanda Coaster kutoka Mombo anaielewa. Dereva akikanyaga mafuta baada ya kona, abiria wote tunalalia migongo ya viti. Ndivyo mafuta yanavyotulizwa nyuma ya tangi, pale tundu la kunyonyea lilipo.

Mbinu ya pili niliielewa kwa koroboi. Utambi hausubiri mafuta yashuke wala yapande. Unayashika na kuyavuta kupitia vijitundu vyake. Angani wanaweka ndani ya tangi nyavu za chuma zenye matundu madogo sana na mapezi membamba, kimiminika kinashikamana navyo na kufuata njia, gesi inabaki nje. Mbinu ya tatu ni jokofu maalumu linaloondoa joto kadiri linavyoingia, ili kisichemke kabisa.

Halafu kuna kuhamisha. Hili Mjomba angelifundisha bila kitabu. Mtungi mpya wenye joto la chumba ukiumiminia naitrojeni kwa pupa, inalipuka mvuke na nusu inapotea. Unamimina kidogo, unangoja mtungi upoe, unamimina tena. Angani ni hivyohivyo: tangi linalopokea lipozwe kwanza, na mvuke usitoke na mafuta. Warusi walishaweza kuhamisha mafuta angani mwaka 1978, chombo cha Progress kilipojaza kituo cha Salyut 6, lakini yale yalikuwa mafuta ya joto la kawaida. Ya baridi kali ni habari nyingine. Desemba 2018 Wamarekani walipeleka kituo cha anga lita 42 za metheni ya kimiminika kwenye jaribio liitwalo RRM3. Kwa miezi minne jokofu lake lilifanya kazi bila kupoteza kitu. Aprili 2019 mfumo wa kupoza ukaharibika. Metheni ikaanza kupata joto, ikabidi iachiwe yote nje, na uhamishaji wenyewe haukufanyika. Tarehe 14 Machi 2024 chombo cha Starship kilijaribu kuhamisha oksijeni baridi kutoka tangi moja hadi jingine ndani ya chombo hichohicho.

Niliposoma habari ya ile metheni nilifunga kitabu. Miezi minne ya uangalifu, halafu joto linaingia, basi. Nikatafuta tena, safari hii si roketi, bali mbegu za ng'ombe. Sikuchukua hata saa moja. Mrija ukipanda juu ya takriban nyuzi 130 chini ya sifuri, vipande vidogo vya barafu ndani yake vinaanza kukua na kuchana chembe hai. Ukiurudisha kwenye naitrojeni unaganda tena, kwa macho ni uleule, lakini ndani umeshakufa. Ndiyo maana fundi hainui kikopo kupita shingo ya mtungi, na hata pale shingoni hakiachi zaidi ya sekunde chache.

Sekunde chache. Mimi nilikuwa nakishika juu mpaka wa nyuma waone.

Siku ya kuwasilisha nilisema yote niliyoandika hapo juu kuhusu matangi. Mwisho yule jamaa wa Coaster akauliza swali lake, na lilikuwa swali la haki: "Sawa, lakini sisi inatuhusu nini? Nchi haina roketi."

Nikamjibu kwamba pale Ngomeni, karibu na Malindi ile ya Kenya, satelaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wao, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, ingawa roketi ile ilitumia mafuta makavu yasiyohitaji baridi. Nikamjibu kwamba gesi yetu ya kusini, ule mradi wa Lindi unaozungumzwa miaka yote, ukijengwa utapoza gesi mpaka karibu nyuzi 162 chini ya sifuri, ili ujazo wake upungue kama mara 600 iingie melini, na mtu wa kulinda lile tangi lazima ajue joto linaibaje. Nikasema hospitali nazo zina matangi ya oksijeni ya baridi. Halafu nikasema, "Na kijijini kwetu kuna mtungi." Hapo sauti ikakatika. Mhadhiri akadhani ni woga, akanipa kumi na mbili.

Bumu lilipotoka nilipanda basi. Sikusema nakwenda kufanya nini.

Nilimkuta Mjomba barazani anafunga mpira wa pikipiki.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Chuo kimefungwa?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia kitu."

Nikamwambia yote: moshi, matunda damu, glovu za bustani, kikopo juu ya kichwa. Nilimweleza mpaka ile habari ya barafu inayokua, kana kwamba naye alihitaji kufundishwa. Alisikiliza akiwa ameshika ule mpira. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Hukuungua?" Nikasema sikuungua. Akanyamaza muda mrefu. Kuku walipita, mtoto wa jirani akapita akasalimia, naye akaitikia vizuri tu. Kisha akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza mkono wangu ulikosea nini."

Jamani, sijawahi kufeli mtihani ukauma vile.

Nikaanza kuomba radhi, akanizuia. "Mimi umeshaniambia. Twende bondeni."

Yule mama amezeeka. Alitukaribisha, akatuwekea viti, akataka kuchemsha chai kabla ya kusikia neno. Mjomba akanigeukia: sema mwenyewe. Nikasema, kwa kifupi, bila nyuzi wala barafu. Aliposikia alikaa na birika mkononi.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu hakuwa tasa," akasema.

"Hakuwa, mama."

"Na nilimpeleka mwenyewe."

Sikuwa na la kujibu. Baada ya hapo alichemsha ile chai, tukanywa. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Tulipoaga akaniuliza namaliza chuo lini. Nikamwambia mwakani. Akasema, "Ukipata kazi, unajua unadaiwa nini." Mjomba akaitikia kwa niaba yangu, "Anajua." Na kweli najua: mtamba, chotara, mwenye mimba iliyopimwa. Nimeuandika kwenye daftari lilelile ninalopigia hesabu ya mkopo wa Bodi.

Jioni ile Mjomba aliniita chumbani. Ilikuwa Jumatatu. Akanipa kijiti. Nilikitumbukiza, nikahesabu, nikakitoa na kukipunga. Mstari mweupe ukajitokeza taratibu, akausoma, akaandika. Nilimwambia wale wa roketi hawana njia rahisi hivi, mafuta yao yanaelea na hawajui yamebaki kiasi gani.

"Pole yao," akasema, akarudisha kizibo mahali pake bila kukibana.